Shukrani Kabla ya Kufungua Sanduku

Jumatatu saa nne asubuhi mganga mkuu alisimama kwenye mlango wa katibu muhtasi, mkono mmoja kwenye fremu, akasema bila kuingia:

"Mama, nitafutie nakala ya ile barua ya shukrani ya mtambo wa mvuke. Kesho saa nane kamati inakaa. Utaingia nayo wewe mwenyewe, uisome."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza, halafu uwafafanulie kwa Kiswahili. Hapa nani anakushinda?"

Akaenda zake. Katibu muhtasi alibaki ameshika kalamu kama mtu aliyesahau inatumikaje. Barua hakuhitaji kuitafuta. Ilikuwa kwenye jalada la kijani, kabati la pili, na kila neno lililokuwa humo alilijua, maana ni yeye aliyelitunga.

Hospitali nzima ilimwita Mama Thenkyu. Jina hilo alipewa na walinzi wa geti miaka mingi nyuma, nao walimwita hivyo kwa mapenzi na kwa utani kidogo, kwa sababu alikuwa akiwafundisha Kiingereza cha kushukuru wakati wa chai. Mtu akikupisha mlangoni, aliwaambia, "thank you" moja inatosha. Usimmwagie maneno kama unapokea tuzo. Mwenzako akikushikia zamu, mwambie "I really appreciate it", maana hapo unaonyesha kwamba umeona usumbufu wake. Mkubwa akikufanyia jambo la uzito, sema "I am most grateful", kisha unyamaze, usije ukamtajia "sir" mara nne hadi akadhani unamzomea. Na yale maneno ya kushukuru mtu mapema, kabla hajakubali kukusaidia, hakutaka kuyasikia kabisa.

"Huko ni kumfunga mtu kamba huku unamchekea," alisema.

Kwa barua za kikazi alikuwa na kanuni yake. Asante nzuri, alisema, husimama kwa mafiga matatu: taja ulichopewa, sema kimekufikaje, eleza kitakufaa nini. Ukiondoa figa moja chungu kinamwagika. Na barua itoke siku ile ile. Kwa miaka ishirini na miwili alijivunia kwamba lori la msaada lilikuwa halijageuza pua kutoka getini, barua yake tayari iko ndani ya bahasha. Wafadhili walimsifu. Mmoja aliwahi kuandika kwamba hajapata kuona hospitali yenye adabu kama hii. Barua hiyo ilitiwa fremu, ikatundikwa ukutani juu ya kabati.

Sasa msomaji mwenye akili timamu atauliza: kama barua hutoka siku ile ile, huyu mama alijuaje kitu kimefikaje? Jibu ni kwamba hakujua. Figa la pili alilichonga mezani kwake. Kila mara aliandika sentensi ile ile, "It reached us safely and is in perfect working order", yaani kitu kimefika salama na kinafanya kazi bila kasoro. Aliiandika kwa vitanda, kwa mashuka, kwa viti vya magurudumu. Hakuwahi kuihesabu kuwa uongo. Aliiona kama pindo la nguo, kitu cha kumalizia kazi ipendeze. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza, aliizoea, na mazoea, kama tujuavyo, yana tabu.

Mtambo wa mvuke ulikuwa wa kuchemshia vyombo vya upasuaji. Ulifika tarehe saba, ndani ya sanduku kubwa la mbao lililopigiliwa misumari pande zote. Barua ikaandikwa tarehe saba. Mganga mkuu alikuwa na safari mchana ule; kabla ya kuondoka aliletewa rundo la karatasi, akatia sahihi zote kwa pumzi moja. Sanduku lilikaa kwenye ujia wa ghala siku kumi na tisa kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba na ilibidi fremu ibomolewe. Tarehe ishirini na sita fundi mitambo alilifungua peke yake, akakuta tangi la ndani lina ufa. Alilegeza nati za kifuniko ili auone ufa unaishia wapi, kisha akapanda juu kumwambia mganga mkuu. Mganga mkuu alikuwa na wageni. Akamwambia, "Tengeneza, ndiyo kazi yako." Miezi mitatu baadaye wafadhili walimtuma mtu wao kuuangalia mtambo. Alikuta umefunikwa turubai, haujawahi kuchemsha hata mkasi mmoja, na nati zina alama za spana. Mtunza ghala wa wakati ule alikuwa amekwisha kuhamishwa. Mgeni akatoa nakala ya barua mkobani, akauliza: ulifika mzima, sasa nani ameuvunja?

Lawama zikashuka ngazi, kama zinavyoshuka siku zote, zikamkuta fundi chini kabisa.

Fundi huyo waliyemwita Spana alikuja chumbani kwa katibu mchana ule ule wa Jumatatu. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini. Hakuketi.

"Dada, nimeambiwa kuna barua."

"Barua zipo nyingi, kaka."

"Hii moja. Wanasema imeandikwa kwamba mtambo ulikuja mzima. Mimi Kiingereza changu ni cha kwenye vitabu vya mashine: fungua hapa, kaza pale. Nisomee nijue kinachonishtaki."

Katibu alifungua droo, akaifunga. "Ni barua ya asante tu. Maneno ya adabu."

"Basi asante ndiyo inanifukuza kazi?" Spana alicheka, ila cheko lenyewe halikufika machoni. "Miaka kumi na sita naamka kuwasha jenereta yenu. Mke wangu ameshaanza kufunga vyombo. Nyumba ni ya hospitali, watoto wanne. Namwambia acha kufunga, ananiambia na wewe acha kujidanganya. Dada, wewe ni mtu wa makaratasi. Nitapona?"

Hapo ndipo ulimi wa katibu ulipaswa kufanya kazi, na hapo ndipo ulipolala. Alimtazama mtu ambaye yeye angeweza kumwokoa kwa sentensi moja, akasema, "Kamati ina watu wa busara. Tuombe Mungu."

"Haya. Asante, dada."

Neno hilo lilimchoma. Alikuwa amefundisha watu asante za kila namna, lakini hajapata kupewa asiyoistahili akiwa anaijua bei yake.

Jioni, nyumbani, mumewe alikuwa kwenye cherehani sebuleni, anapunguza suruali ya jirani. Alikuwa mtu wa maneno mengi na pini mdomoni, jambo lililowatia hofu wageni. Mkewe alimweleza yote akiwa amesimama, mkoba bado uko begani. Mume alitoa pini moja moja, akazitia kwenye kijaluba.

"Nani mwingine anajua sanduku lilikuwa limefungwa?"

"Mimi na Spana. Yeye hakuna anayemsadiki."

"Basi anayejua ni mmoja." Akakanyaga cherehani, akaachia. "Mke wangu, umebakiza miaka miwili ustaafu. Ukisimama kesho useme barua ni ya uongo, unamvua nguo mkuu wako mbele za watu. Sahihi ni yake. Utakuwa umemtoa Spana shimoni na kuingia wewe."

"Kwa hiyo ninyamaze."

"Nimesema unyamaze? Nimesema uhesabu."

"Nimehesabu. Watoto wanne, mke mmoja, nyumba moja."

"Na mimi je? Mimi ni marehemu?"

"Wewe una cherehani na mdomo. Huwezi kufa njaa."

Mzee alitaka kucheka, akajizuia. "Mwambie mkuu kwanza," alisema mwishowe. "Faraghani. Mpe nafasi alimalize mwenyewe. Ukubwa ni jalala, mpe taka zake."

Ulikuwa ushauri mzuri, na ulikuwa pia ushauri wa mtu anayetumaini mwingine atabeba mzigo. Mkewe aliupokea kwa sababu zote mbili.

Jumanne saa mbili alikuwa mbele ya meza ya mganga mkuu. Alisema maneno aliyoyapanga njia nzima: barua iliandikwa siku ya mzigo, sanduku likiwa na misumari yake, na ile sentensi ya kufika mzima haina shahidi.

Mganga mkuu alisikiliza huku akizungusha kifuniko cha kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa daktari mzuri aliyechoka, na mtu mwema akichoka anaweza kufanya ubaya mwingi bila kuinuka kitini.

"Unajua wafadhili wameahidi nini mwaka huu?"

"Jengo la wazazi."

"Jengo la wazazi. Wakisikia kwamba hospitali hii inashukuru kitu isichokiona, watajiuliza ni barua ngapi tumewaandikia hivyo. Ngapi, mama?"

Kichwani katibu alianza na vitanda, akaja mashuka, akafikia viti vya magurudumu.

"Umeona? Fundi atapata kazi kwingine. Mafundi hawakosi kazi. Wewe soma tu. Hukuitwa kueleza."

"Na nikiulizwa?"

"Hutaulizwa."

Saa nane kamati ilikaa. Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji na feni iliyogonga kila ilipomaliza mzunguko. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani kwenye kamba na kumtazama kila mtu kama anayesubiri kazi ya nyumbani. Kulia kwake aliketi mfanyabiashara wa mbao, mjumbe mwenye sauti kubwa. Mganga mkuu alikaa kushoto. Spana alikaa kwenye kiti cha peke yake, karibu na mlango, amevaa shati jeupe lililoonyesha mikunjo ya kutoka sandukuni.

Walimhoji kwanza yeye. Alisema alilokuwa akilisema miezi yote: alifungua, akakuta ufa, akalegeza nati ili auone vizuri, akatoa taarifa; kwa nani, hakuthubutu kusema mbele ya mkuu.

"Uliandika?" aliuliza mjumbe wa mbao.

"Nilisema kwa mdomo, mzee."

"Kwa mdomo! Mdomo hauna muhuri, bwana. Mimi nikikuuzia mbao kwa mdomo utakuja kudai mninga nikakupa kuni." Wajumbe wawili wakacheka. Spana aliangalia viatu vyake.

"Tusikie barua," alisema mwenyekiti.

Katibu alisimama. Alisoma aya ya kwanza, salamu na shukrani kwa moyo wa ukarimu, na sauti yake ilitoka ile ya kawaida, ya mwalimu wa wakati wa chai. Mjumbe mmoja alitikisa kichwa kwa kupendezwa. Kisha akaifikia sentensi.

"It reached us safely and is in perfect working order."

"Kwa Kiswahili," alisema mwenyekiti.

"Inasema mtambo ulitufikia salama na unafanya kazi bila kasoro."

"Imetoka tarehe saba?"

"Tarehe saba."

Mjumbe wa mbao alipiga meza kwa kiganja. "Basi kesi imekwisha. Umefika mzima tarehe saba, umeingia mikononi mwa huyu, umetoka maiti. Tunatafuta nini tena?"

Mganga mkuu alishusha pumzi. Mwenyekiti alichukua kalamu. Feni iligonga. Spana aliinua macho, hakumtazama mwenyekiti wala mkuu, alimtazama katibu, bila chuki, kama mtu anayemtazama dereva wa basi lililomwacha.

Katibu hakukaa. "Mwalimu, barua ina uongo," alisema. "Na uongo huo ni wangu."

Mjumbe wa mbao aliondoa kiganja mezani.

"Mama," mganga mkuu alisema taratibu, "hukuulizwa."

"Mimi namuuliza sasa," alisema mwenyekiti, akaiweka kalamu. "Uongo upi?"

Katibu akajikaza kisabuni. "Siku ninaandika barua hii, mtambo sikuuona. Hakuna aliyeuona. Sanduku lilikuwa kwenye ujia wa ghala, misumari yote mahali pake. Nilipita kando yake nikienda kupeleka bahasha. Lilikaa siku kumi na tisa. Huyu fundi ndiye mtu wa kwanza kulifungua."

"Sasa ulijuaje unafanya kazi?" mjumbe wa mbao aliuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sikujua. Niliona ni adabu kusema hivyo. Barua ikisema tu 'tumepokea sanduku', niliona haina heshima."

"Mama yangu! Mimi mteja akinishukuru kwa mbao ambazo hajafungua kamba, najua ni mwizi au ni mwendawazimu."

"Mimi si mwizi, mzee."

Hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alivua miwani. "Mkuu wako alijua?"

Jibu la swali hili hakuwa amelipanga. Angeweza kumtosa, na moyo wake, ambao asubuhi ulitukanwa, ulitaka kidogo. Alisema kilichokuwa kweli na akaishia hapo. "Siku anatia sahihi hakujua. Leo saa mbili nilimwambia."

Mganga mkuu aliinamia meza. Mwenyekiti alimtazama, kisha akarudi kwa katibu.

"Barua za namna hii ziko ngapi?"

"Zote zilizotoka siku ya mzigo, Mwalimu."

"Kwa miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Nimefundisha watoto miaka thelathini na mitano," alisema mwenyekiti. "Mtoto asiyejua jibu akaandika lolote ili ukurasa usibaki mtupu, nilimpa sifuri. Aliyeacha nafasi nilimfundisha." Akaandika mistari michache, akaisoma kwa sauti moja bila kuipamba. Fundi hana hatia na anarudi kazini leo. Katibu muhtasi apewe onyo la maandishi. Barua ya shukrani isitoke tena bila sahihi ya mtunza ghala na ya mtu atakayekitumia kitu chenyewe. Mganga mkuu abaki chumbani baada ya wengine kutoka. Na wafadhili waandikiwe kabla ya jua kuzama, waelezwe ukweli. "Ataandika nani? Aliyeandika ya kwanza. Jina lake liwe chini, si la mkuu."

Mtunza ghala mpya hakujua Kiingereza zaidi ya "good morning". Kuanzia siku hiyo Mama Thenkyu angepeleka sentensi zake kwake, amfafanulie moja moja, asubiri sahihi yake. Aliliona hilo wazi, akahisi uso unamwaka. Akasema, "Nimekubali," maana hakukuwa na neno jingine la kweli.

Nje, kwenye ujia, Spana alikuwa amesimama karibu na bomba la kunawia mikono, amefungua kifungo cha juu cha shati. Alimwona akija, hakusogea.

"Dada, jana ulijua."

"Nilijua."

"Nilisimama mbele yako. Nikakuuliza kama nitapona. Ukaniambia tuombe Mungu."

"Ndivyo nilivyosema."

"Mke wangu jana alimpa jirani kuku wetu, kwa kuwa tunahama." Alifungua bomba, akalifunga bila kunawa. "Watu wameshaniambia nikushukuru. Huyu mlinzi hapa, ameniambia nikakushukuru. Dada, sitaki kukudanganya. Leo sina."

Mwanamke aliyekuwa na neno la kila shukrani hakutafuta neno. Angeweza kumwambia amehatarisha miaka yake miwili, ameaibika mbele ya watu saba. Yote ni kweli, na hayakumhusu fundi hata kidogo. Mtu akirudisha alichoiba hapaswi kungoja makofi.

"Nisamehe," alisema. "Na kama huwezi kunisamehe leo, nina haja na wewe hata hivyo. Nimeamriwa kuwaandikia wafadhili kabla ya jua kuzama. Sijawahi kuuona mtambo wenyewe."

Spana alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hata baadaye? Miezi yote hii?"

"Hata mara moja."

Aliguna. Akatoa funguo mfukoni, akatangulia.

Ghala lilikuwa na giza la mchana. Spana alivuta turubai, vumbi likawarukia wote wawili, akawasha tochi na kulaza mwanga ndani ya tangi. "Piga magoti, hutauona ukiwa umesimama. Hapo, chini ya mkunjo wa bati. Usiangalie alama za spana, hizo ni zangu. Angalia hapo ndani, pana kutu. Kutu ya zamani kuliko safari. Huu ufa ulitoka nao huko kwao."

Katibu alipiga magoti kwenye saruji kwa sketi yake ya kazi. Alipeleka kidole hadi kikaugusa ufa, mwembamba, mkali, mrefu kama kiganja. Aliufuata toka mwanzo hadi mwisho.

"Una urefu gani kwa vipimo vyenu?"

"Sentimita kumi na moja na nusu."

"Pima tena nione."

Spana alipima tena, akamwonyesha utepe. Katibu alitoa daftari mkobani, akaliweka juu ya goti, akaandika namba hiyo kwanza, kabla ya salamu.